Kuvuta Tela la Boti kwa Gari Dogo, Kutoka Uani Hadi Dikoni

Hapa Zanzibar, mtu mwenye boti ndogo ya faiba mara nyingi haishi palepale anapoitia majini. Anakaa Fuoni na diko lake, yaani mahali pa kushushia boti, liko Kizimkazi au Mkokotoni, au anakaa Chake Chake na fundi wa mashine yake yuko Wete. Kwa kuwa safari zetu ni fupi, maandalizi nayo hufanywa mafupi, na hapo ndipo hatari inapoingia, kwani tela lililopakiwa vibaya linaweza kuanza kuyumba katika kilomita ya kwanza, mbele ya watoto wanaotoka skuli na wazee wanaoendesha baiskeli pembezoni mwa barabara. Maelezo haya yanamhusu mwenye gari la kawaida la abiria, kama vile RAV4, Escudo, Noah au IST, anayevuta tela la ekseli moja lisilo na breki zake lenyewe. Nitakaa zaidi kwenye uzito na namna ya kuupanga, kwa sababu dereva aliyepakia vizuri huwa na safari nyepesi, na aliyepakia vibaya hawezi kuokolewa na ufundi wa usukani.

Uzito kabla ya jambo lolote

Anza na gari. Si kila gari limeruhusiwa na mtengenezaji wake kuvuta kitu, na aina ileile ya gari inaweza kuwa imeruhusiwa katika soko moja na kukatazwa katika soko jingine. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na kitabu chake, kama bado kimo ndani ya gari, kimeandikwa Kijapani, hivyo tafuta maelezo ya modeli yako kwa kutumia namba iliyo kwenye kibati chini ya boneti. Ukikuta kwamba halikuruhusiwa kuvuta, azima au kodi gari jingine. Ukikuta limeruhusiwa, usizidishe kiwango kilichotajwa, na kwa tela lisilo na breki usizidishe nusu ya uzito wa gari lenyewe. IST ina uzito wa tani moja hivi, kwa hiyo kilo 500 kwa jumla ndio mwisho wake, hata kama injini inaonyesha kwamba ina nguvu ya kuvuta zaidi. Nchi za Ulaya zimeweka kikomo cha kilo 750 kwa tela lisilo na breki, na sababu yake ni hiyohiyo: injini inaweza kuvuta mzigo ambao breki za gari haziwezi kuuzuia.

Kisha hesabu kila kilichomo. Tela lenyewe lina uzito, boti ina uzito, mashine ya boti ya nguvu ya farasi 40 peke yake inazidi kilo 70, na petroli ina uzito wa robo tatu ya kilo kwa kila lita, yaani dumu la lita 20 ni kilo 15 bila ya dumu lenyewe. Ongeza nanga, nyavu, kamba na sanduku la barafu. Kitu kinachosahauliwa zaidi ni maji ya mvua. Boti iliyolala uani wakati wa masika inaweza kushika lita 100 bila ya mtu kutambua, na lita 100 ni kilo 100, tena maji hayo hayatulii, kwani gari likipanda mlima yote hukimbilia nyuma. Kwa hiyo kabla ya kufunga chochote, chomoa kizibo cha chini kwenye tezi, yaani nyuma ya boti, inua juu mkono wa tela, ile sehemu ya mbele inayoungana na gari, na usubiri mpaka matone ya mwisho yaishe. Kizibo hicho kifunge kwa uzi pamoja na ufunguo wa mashine, ili usiweze kuwasha mashine majini bila ya kukumbuka kukirudisha.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mkono wa tela unatakiwa ukandamize nyuma ya gari kwa karibu asilimia 10 ya uzito wote wa tela na mzigo wake, bila ya kuzidi kikomo cha gari, ambacho kwa magari madogo mara nyingi ni kati ya kilo 50 na 75. Ukizidi, nyuma ya gari huinama, magurudumu ya mbele yanakosa mshiko na usukani unakuwa mwepesi. Ukipungua, na hasa mzigo mwingi ukiwa nyuma ya ekseli, tela huanza kucheza kulia na kushoto kama mkia, na kila myumbo unakuwa mkubwa kuliko uliotangulia.

Kuupima uzito huo hakuhitaji kifaa cha gharama. Weka tela lililopakiwa kamili kwenye ardhi iliyo sawa, zuia magurudumu kwa mawe, kisha kata kipande cha mti chenye urefu utakaoufanya mkono wa tela ukae kimo kilekile unachokaa ukiwa umefungwa kwenye gari. Kisimamishe kipande hicho juu ya mizani ya kujipimia mtu, teremsha mkono juu yake taratibu kwa jeki, na usome. Tuseme jumla ni kilo 500, na kutoka kichwa cha mkono hadi ekseli ni mita 3. Mizani ikionyesha kilo 30, uko chini. Dumu la petroli lenye kilo 19, pamoja na uzito wa dumu lenyewe, likiwa mita moja na nusu nyuma ya ekseli, ukilihamisha likae mita moja na nusu mbele yake, linauongezea mkono kilo 19, na unapata 49, ambazo ndizo ulizokuwa ukizitafuta. Ikiwa vitu vya kuhamisha havitoshi, legeza kizuizi cha omo, yaani mbele ya boti, kwenye tela na uisogeze boti yenyewe mbele kwa sentimita kadhaa, kisha upime tena.

Kuunganisha

Chuma cha kuvutia kifungwe kwenye chesisi, katika matundu yaliyowekwa na mtengenezaji, kwa bolti ngumu zilizoandikwa 8.8 kichwani. Wapo mafundi wanaokichomelea kwenye bampa au kwenye bati jembamba la buti, na kazi hiyo ikataeni hata kwa nusu ya bei. Angalia pia tufe la chuma ambalo kichwa cha tela hukaa juu yake. Yako ya milimita 50 na yako ya inchi 2, ambayo ni milimita 50.8, na tofauti hiyo ndogo inatosha kulifanya komeo lisifunge sawasawa. Vipimo vimegongwa kwenye chuma, vya tufe juu yake na vya kichwa ubavuni mwake, na lazima vifanane.

Ukishafunga, usiridhike na sauti ya komeo. Weka jeki chini ya mkono wa tela na uinue mpaka uone nyuma ya gari inapanda kidogo pamoja nao. Kama kichwa hakikushika, kitachomoka hapo, ukiwa umesimama. Funga minyororo miwili, ipishane chini ya mkono mfano wa msalaba, ili mkono ukichomoka uangukie juu ya minyororo badala ya kuchimba lami. Ncha zake zishikwe kwenye chuma cha kuvutia, si kwenye tufe, na urefu uwe wa kutosha kupiga kona bila ya kuburura chini.

Taa za tela huharibiwa na chumvi kuliko kitu kingine. Njia inayofaa zaidi kwetu ni ubao wa taa unaofungwa kwenye tezi ya boti na kuvuliwa kabla ya kufika majini. Ukiwasha indiketa ukaona taa ya breki nayo inamemeteka kwa unyonge, tatizo ni waya wa hasi, kwa hiyo upitishie waya wake wenyewe hadi kwenye plagi, usitegemee tufe lipitishe umeme.

Boti isishikwe na ukanda wa winchi peke yake. Weka kamba ya pili omoni, na mikanda miwili tezini inayoshuka hadi kwenye chesisi ya tela. Uzungushe kila mkanda mara moja kabla ya kuukaza, kwani mkanda ulionyooka hupigwa na upepo, hutetemeka na kujilegeza. Tairi zijazwe upepo zikiwa baridi, na uchukue gurudumu la akiba la tela lenyewe, kwa sababu la gari halitaingia. Kabla ya safari ya kwanza, waulize askari wa usalama barabarani na watu wa bima yako mambo yanayotakiwa kwa tela, uyapate kwa maandishi.

Njiani

Mwendo wa kilomita 60 kwa saa unatosha katika barabara zetu zote, na penye watu upunguze zaidi. Breki ni za gari tu na mzigo umeongezeka, kwa hiyo acha nafasi maradufu ya ile uliyoizoea. Matuta yavuke kwa mwendo wa mtu anayetembea, mpaka gurudumu la tela nalo limeteremka. Kwenye kona, tela hukata ndani kuliko gari, na kwa kuwa tunaendesha kushoto, hatari iko katika kona za kushoto, ambako gurudumu linaweza kupanda ukingo aliposimama mtu. Ukitaka kulipita gari la ng'ombe, kumbuka kwamba urefu wako umekaribia mara mbili, na daladala likikusukuma kwa honi, tafuta mahali papana ulipishe.

Milima ya barabara za Pemba inahitaji uangalifu wake. Weka gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, si katikati ya mteremko, na kwa gari la otomatiki zima O/D (gia ya juu kabisa) au shusha hadi 2 au L, ili injini isaidie kuzuia. Breki zilizokanyagwa mfululizo hupata moto na kuacha kushika. Katika barabara za wazi za pwani ya mashariki, kama ya kuelekea Jambiani, upepo wa ubavuni unaweza kulisukuma tela. Likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, na uache mwendo ushuke wenyewe. Usikanyage breki kwa nguvu, usijaribu kulifuata tela kwa usukani, na kamwe usiongeze mwendo. Likitulia, simama na uhamishe mzigo mbele, maana limekwambia kwamba halikupakiwa sawa.

Baada ya kilomita kumi hivi, simama. Kaza nati za magurudumu, pitia mikanda, kisha ukaribishe mkono kwenye kitovu cha kila gurudumu. Uvuguvugu ni kawaida. Kitovu kisichoguswa kwa joto kina beringi inayokufa, na safari iishie hapo.

Dikoni

Kurudi nyuma kunajifunzwa uwanjani asubuhi, si dikoni watu wakikutazama. Shika usukani chini kabisa kwa mkono mmoja: ukiupeleka mkono kulia, tela linakwenda kulia, ukiupeleka kushoto, linakwenda kushoto. Geuza kidogo tu, na likianza kujikunja songa mbele unyooshe upya. Anayekuongoza asimame mahali unapomwona kwenye kioo, na usipomwona, simama.

Shusha boti maji yanapojaa. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kupwa na kujaa kwetu hufikia karibu mita 4, na katika fukwe zilizo bapa maji hukimbia mbali sana, kwa hiyo gari lililokwama kwenye mchanga maji yakijaa halina muda mrefu. Kwa wanaoanza, siku za maji mafu, ambapo maji hayajai wala kupwa sana, ni bora. Magari mengi madogo huvuta kwa magurudumu ya mbele, na mzigo wa nyuma ukichanganyika na mteremko huyapunguzia mshiko hayohayo. Ikiwa chini ni mchanga laini, liache gari kwenye ardhi ngumu, lifungue tela, ulishushe na kulipandisha kwa kamba ndefu, gari likivuta kutoka juu. Asisimame mtu nyuma ya tela wala karibu na kamba iliyokazwa.

Usiliingize tela majini mara tu unapofika. Vitovu vikiwa na moto, hewa iliyomo ndani hunywea ghafla inapokutana na maji baridi na kuvuta chumvi ipite kwenye sili hadi kwenye beringi. Subiri nusu saa, uitumie kuchomoa plagi, kuvua ubao wa taa na kurudisha kizibo. Ukirudi nyumbani, lioshe tela lote kwa maji baridi ya mfereji, ndani ya magurudumu na chini ya springi, kisha upige grisi kwenye vitovu mpaka itoke mpya isiyo na maji. Grisi ikitoka nyeupe kama maziwa, chumvi imeshaingia, na beringi zifunguliwe kabla ya safari nyingine.