Namna ya kuandika orodha ya nyumba zote ulizoishi, na kwa nini daktari anaihitaji

Watu wakiongelea kuishi miaka mingi ni chakula na mazoezi basi, sehemu unayokaa haitajwi, na ikitajwa ni ile ya sasa hivi. Wakati mtu wa miaka 50 huenda keshahama mara nane, na nyumba inayomsumbua leo aliitoka akiwa na miaka kumi. Kwa hiyo kaa chini jioni moja uandike zote.

Chukua daftari anzia ulipozaliwa, kila nyumba na mstari wake, toka mwaka gani mpaka mwaka gani na ulikuwa na umri gani. Ukikosea mwaka mmoja miwili sio kesi, ila umri usiuache. Ule moshi ulioifunika London Desemba 1952 ulikaa siku tano, hesabu za mwanzo zikasema umeua watu 4,000, baadaye watafiti wakasema inaweza kufika 12,000, lakini mi kilichonishtua ni kwamba waliokuwa wachanga siku zile walikuja kuonekana na pumu zaidi. Siku tano tu jamani. Sasa we usiruke miaka ya utotoni eti kwa vile huikumbuki, waulize wazazi, shangazi, yeyote aliyekuwa mkubwa kipindi hicho.

Halafu kwa kila nyumba andika mlikuwa mnavuta hewa gani, na uanzie jikoni sio barabarani. Kuni, mkaa au mafuta ya taa? Jiko lilikuwa ndani au nje, na nani alikuwa anashinda nalo? Shirika la Afya Duniani linakadiria moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 mwaka 2020 peke yake. Barabara ndo inafuata. Mi nimeishi miaka sita kwenye chumba kinachotazamana na barabara kubwa, asubuhi nafuta kizingiti cha dirisha, jioni nikirudi nikipitisha kidole kinatoka cheusi, na sio vumbi, ni masizi yanateleza kama grisi. Nikawa naona ni usafi tu umenishinda. Kumbe yale yanayoganda pale ndo makubwa, yale madogo kabisa yanapita mpaka ndani ya mapafu na mengine yanaingia kwenye damu, na hayo ndo yanahusishwa na magonjwa ya moyo na kiharusi.

Andika pia kama paa lilikuwa la asbesto, yale madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake likivutwa ni hatari, hasa kama liliwahi kukatwa au kuvunjwa mkiwepo, kama kulikuwa na mgodi au kiwanda jirani, kama rangi ya zamani ilikuwa inabanduka ukutani. Saratani ya asbesto inaweza kukaa kimya miaka 20 mpaka hata 50. Kule Wittenoom, Australia, mgodi wa asbesto ulifungwa 1966 lakini watu waliendelea kuugua miaka mingi baadaye, wakiwemo ambao hawajawahi kukanyaga mgodini, walikuwa wakazi tu. Daktari atajuaje, na fomu yake inauliza unakaa wapi sasa?

Kelele za usiku weka neno moja. Maisha yenyewe yape nafasi kidogo: pale ulikuwa unatembea kwa mguu au unapanda gari, ulikuwa unavuta sigara, majirani ulikuwa unawajua? Wajapani waliohamia Hawaii na California walilinganishwa na wenzao waliobaki Japani, asili moja kabisa, ila ugonjwa wa moyo ulikuwa juu zaidi Hawaii kuliko Japani, na California ukazidi hata Hawaii.

Ukimaliza ipunguze iwe karatasi moja, maana kurasa nne hakuna daktari atasoma, zile nyumba za hatari ziweke juu. Kama umewahi kuvuta sigara na pia umekaa na asbesto, mwambie kwa mdomo kabisa usisubiri akuulize. Kwa nyumba ya sasa anza na visivyo na gharama: kitanda kihamie upande usio wa barabara, madirisha yafunguliwe foleni ikipungua.

Kuhama? Usikurupuke. Utafiti mmoja wa Marekani kwa wazee ulionyesha kuhama toka maeneo mabaya kwenda mazuri kunaweza kumuongezea mtu wa miaka 65 kama mwaka 1.1, sio haba ila sio muujiza. Na hizo sehemu zinazosifiwa kujaa wazee wa miaka 100, taratibu nazo, mtafiti Saul Newman alipewa Ig Nobel 2024, ile tuzo ya utafiti unaochekesha kwanza halafu unafikirisha, kwa kuonyesha nyingi zina kumbukumbu mbovu za vizazi na vifo.

Kama una mtoto ianze ya kwake leo leo ungali unakumbuka, na usisahau kuandika jiko lilikuwa wapi.