Kufuatilia mwenendo wa UVIKO-19 wilayani kwa kitabu cha wodi

Agosti 2021 kijana anayejitolea kitengo cha takwimu kaniletea jedwali lake, tumekaa ofisini baridi ya Uyole, Mbeya, inatupenya hadi mifupani. Ndani yake kuna mgonjwa aliyelazwa tarehe 7 Desemba 2021. Desemba yenyewe ilikuwa bado haijafika. Nikacheka, maana nami niliwahi kukesha kwa ajili ya kosa hilohilo.

Hatua ya 1. Omba ruhusa kwa mganga mkuu wa wilaya, kisha nakili rejista ya wagonjwa wa kulazwa. Majina yaache palepale. Chukua namba ya mgonjwa, umri, kata anakoishi, tarehe ya kulazwa, alitokaje, na kama aliwekewa oksijeni.

Hatua ya 2. Hesabu waliolazwa, usihesabu majibu ya vipimo. Majibu yanategemea nani alipimwa na yalirudi lini. Mwanzoni sampuli za huku zilisafirishwa hadi Dar es Salaam, na mgonjwa angeweza kutoka wodini kabla majibu hayajafika. Takwimu za taifa nazo ziliacha kutangazwa Mei 2020, kimya kikapita mwaka mzima. Kitabu cha wodi hakikuacha kuandikwa. Ila kisome kwa akili: kuna kipindi watu walisema "changamoto ya upumuaji" na kila mtu akaelewa ni korona. Mimi naweka kolamu tatu: waliothibitishwa, wanaoshukiwa, na nimonia ya watu wazima. Usizijumlishe.

Hatua ya 3. Tarehe. Hapa tulia.

Kompyuta nyingi tunazopewa zimewekwa mpangilio wa Marekani, mwezi unatangulia siku. Ukiandika 12/07/2021 ukimaanisha Julai 12, Excel, programu ya majedwali, inasoma Desemba 7 na haikuambii kitu. Ukiandika 13/07/2021 inakwama, kwa kuwa mwezi wa 13 haupo, basi inaiacha kama maandishi na kuiruka kwenye hesabu. Kwangu Julai nzima ilibaki na siku moja tu, tarehe 7, ambayo hata ukiigeuza ni ileile. Siku nyingine za mwanzo zilitawanyika mwaka mzima, kila mwezi tarehe 7 pana mgonjwa. Nikadhani wimbi limeisha.

Dalili ni hii: tarehe halisi huegemea kulia mwa seli (kisanduku cha jedwali), maandishi huegemea kushoto. Ukiona mchanganyiko, simama. Kubadili mwonekano wa seli hakutibu, kunabadilisha sura tu na kosa linabaki ndani. Zilizoegemea kulia zimegeuzwa, zirudishe siku na mwezi mahali pake. Zilizoegemea kushoto zikate vipande vya siku, mwezi na mwaka, uziunde upya. Usizitibu zote kwa dawa moja, utaziharibu zaidi.

Dawa ya kudumu ni kuandika siku, mwezi na mwaka kwenye kolamu tatu tofauti, kisha kuziunganisha kwa kanuni ya DATE, ile ya Excel ya kuunda tarehe. Inachosha, lakini ndiyo ninayoiamini. Na kabla ya kompyuta nakili kwanza kwenye kaunta buku. Programu za simu sizitaki: simu ikizima, wiki yako imeondoka nayo.

Hatua ya 4. Tafuta waliohesabiwa mara mbili. Aliyelazwa Tukuyu akapewa rufaa kuja Mbeya mjini yumo kwenye vitabu viwili. Linganisha umri, kata na tarehe, kisha mhesabu mara moja, kwenye kata yake.

Hatua ya 5. Jumlisha siku saba saba na uzichore kwenye grafu, maana Jumapili wanaolazwa hupungua na Jumatatu hujaa. Asilimia ziache: kutoka wagonjwa wawili hadi wanne ni "ongezeko la asilimia 100", na mkutano mzima utapagawa. Taja idadi, na uweke mstari wa pili wa wanaotumia oksijeni, kwa sababu mitungi ndiyo inayoisha kabla ya vitanda.

Halafu fungua kitabu cha 2019, kabla ya korona. Huku Juni na Julai nimonia hupanda kila mwaka kwa baridi, korona iwepo isiwepo. Chora wiki zilezile za 2019 chini ya mstari wako. Kilichozidi hapo ndicho cha kupeleka kwa mganga mkuu.

Siku tatu za mwisho huwa hazijakamilika, kuna wodi huleta kitabu kwa kuchelewa. Mimi nazichora kwa penseli, wino unasubiri hadi Alhamisi, vitabu vikishafika.