Kupima usalama wa kiongeza cha chakula cha nguruwe na kuku, hatua kwa hatua

Kiongeza kipya kikiletwa, wengi huuliza kwanza kama kinakuza. Mimi huanza na swali jingine: kati ya kipimo kinachomsaidia mnyama na kipimo kinachomdhuru, pana pengo kiasi gani? Vitamini, madini, vimeng'enya, asidi, dawa za kuzuia koksidiosisi (ugonjwa wa utumbo unaoletwa na vimelea), vyote vina pengo hilo, na kwa vingine ni jembamba la kutisha. Kazi yote inayofuata ni kulitafuta, kisha kuhakikisha halizibwi na kosa la mashine, la mtu au la dawa nyingine.

Hatua ya 1: Jua kilicho ndani ya mfuko

Usiridhike na jina la kibiashara. Dai kiambato tendaji, yaani kile kinachofanya kazi yenyewe, na kiasi chake kwa kilo, kitu kilichotumika kukibeba, na cheti cha maabara cha toleo hilohilo ulilopokea. Cheti kitaje risasi, kadimi, arseniki, zebaki na dayoksini. Ikiwa kibebeo ni pumba au unga wa mimea, kitaje na sumukuvu.

Kibebeo na vitu vya kuzuia kuganda husahauliwa sana. Mwaka 1997 nchini Marekani, udongo wa mfinyanzi uliochanganywa kwenye unga wa soya ili usigande uligundulika kuwa na dayoksini, na sumu hiyo ikapatikana katika kuku na samaki waliolishwa. Hakuna aliyekuwa akiutilia shaka, kwa kuwa haukuwa kiambato tendaji cha chochote.

Kwa bakteria wenye faida, jina la spishi halitoshi. Dai nasaba yenyewe kwa namba yake, na jenomu yake (jeni zake zote) isomwe yote kutafuta jeni za usugu dhidi ya antibayotiki. Bakteria asiyemdhuru kuku hata kidogo anaweza kumpa bakteria mwenzake wa utumboni jeni ya usugu. Ikiwa ni wa jamii ya Bacillus, uliza pia kama anatengeneza sumu. Usipopata majibu, usiendelee na hatua ya pili.

Hatua ya 2: Piga hesabu kabla hujamlisha mnyama hata mmoja

Tuchukue mfano wa kubuni. Majaribio ya panya yanaonyesha kiwango cha juu kisichodhuru ni mg 50 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Gawanya kwa 100: kumi kwa sababu nguruwe na kuku si panya, kumi nyingine kwa sababu hata wanyama wa aina moja hawafanani. Unabaki na mg 0.5. Zidisha kwa uzito wa mnyama, kisha gawanya kwa kilo za chakula anachokula kwa siku:

Mtoto wa nguruwe wa kilo 20, anayekula kilo 1: 0.5 × 20 ÷ 1 = mg 10 kwa kilo ya chakula.
Kuku wa nyama wa kilo 2, anayekula gramu 180: 0.5 × 2 ÷ 0.18 = mg 5.6 hivi.
Nguruwe jike wa kilo 175, anayekula kilo 6: 0.5 × 175 ÷ 6 = mg 14.6 hivi.

Kwa kila kilo ya mwili wake, kuku wa nyama hula karibu mara mbili ya mtoto wa nguruwe, na zaidi ya mara mbili ya jike mkubwa. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Nguruwe wanakula na hawana shida, wape na kuku," namrudisha kwenye kikokotoo.

Hesabu hii ni mahali pa kuanzia tu. Kipimo kinachopendekezwa kikiwa juu ya namba uliyopata, hakuna njia ya mkato: lazima kijaribiwe kwa mnyama mwenyewe atakayelishwa.

Hatua ya 3: Jaribio la uvumilivu

Unahitaji angalau makundi matatu: lisilopewa kiongeza, linalopewa kipimo cha juu kinachoruhusiwa, na linalopewa mara kadhaa ya kipimo hicho, ikiwezekana mara kumi. Mwongozo wa Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya (EFSA) unataka siku 35 kwa kuku wa nyama, siku 56 kwa kuku wa mayai na siku 42 kwa watoto wa nguruwe walioachishwa kunyonya. Kwa majike ni mzunguko mzima, tangu kupandishwa hadi kuachisha. Usifupishe. Kinachojilimbikiza kwenye ini hakionekani katika wiki ya kwanza.

Pima ulaji, uzito, vifo na sababu ya kila kifo, na damu. Kwa kuku wa mayai ongeza idadi ya mayai, ugumu wa ganda na uanguaji.

Kuna makosa mawili ninayoyaona kila mara katika ripoti. La kwanza ni kuhesabu kila kuku kama jaribio linalojitegemea wakati kuku hamsini wamekula kwenye chombo kimoja. Kinachohesabiwa kama jaribio moja ni kizimba, si kuku. La pili ni hatari zaidi: vizimba vitatu kwa kila kundi, tofauti haikuonekana, na mwandishi anahitimisha "ni salama". Vizimba vitatu haviwezi kuonyesha madhara madogo hata kama yapo. Mimi ripoti ya namna hiyo naichukulia kuwa jaribio halijafanyika.

Seleniamu inafundisha vizuri kuhusu pengo. Mnyama anaihitaji kwa sehemu ndogo ya miligramu, na Umoja wa Ulaya unaruhusu jumla isiyozidi mg 0.5 kwa kilo ya chakula, pamoja na ile iliyomo tayari kwenye nafaka. Ikifika mg 5 hivi, nguruwe huanza kunyonyoka manyoya, kwato kuachia na miguu kupooza. Nukta moja ya desimali ikiwekwa pasipo pake, pengo lote limekwisha.

Hatua ya 4: Uliza nani mwingine atakila, na pamoja na nini

Nikabazini, dawa ya kuzuia koksidiosisi, hutumika kwa kuku wa nyama, lakini kwa kuku wa mayai huyapausha maganda ya kahawia na kupunguza uanguaji. Monensini, nayo ya kundi hilo, kuku huivumilia kwa mg 100 hadi 125 kwa kilo ya chakula, ilhali farasi anaweza kufa kwa mg 2 au 3 tu kwa kilo ya mwili wake. Monensini au ndugu zake salinomisini na narasini zikikutana na tiamulini, ambayo ni antibayotiki, ini hushindwa kuziondoa kwa kasi yake ya kawaida. Niliwahi kuitwa kwenye banda la kuku waliolala miguu wazi, hawawezi kusimama. Chakula kilikuwa sahihi na dawa kwenye maji ilikuwa na kipimo sahihi. Aliyeandika dawa hakuuliza chakula kina nini.

Hatua ya 5: Mlaji, mchanganyaji na udongo

Pima mabaki kwenye msuli, ini, figo, ngozi na mafuta, na mayai. Pima pia kile ambacho kiambato hugeuka kuwa: mwaka 2011 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitangaza kuwa ini la kuku waliopewa roksasoni, dawa yenye arseniki ya kikaboni, ambayo sumu yake ni ndogo, lilikuwa na kiasi kikubwa zaidi cha arseniki isiyo ya kikaboni, ile mbaya.

Mchanganyaji apewe barakoa na glavu, hasa kwa vimeng'enya, maana vumbi lake huleta pumu.

Udongo usisahaulike. Zinki ya mg 2,500 kwa kilo ilizuia kuhara kwa watoto wa nguruwe, lakini nyingi iliishia kwenye samadi. Umoja wa Ulaya ulikomesha matumizi hayo Juni 2022.

Hatua ya 6: Ijaribu mashine

Chukua sampuli kumi sehemu tofauti za mchanganyiko mmoja, zipime kiambato. Mkengeuko ukizidi asilimia 10 ya wastani, rekebisha muda wa kuchanganya au ujazo. Kisha pima mchanganyiko wa kwanza unaofuata usio na kiongeza, uone kiasi gani kimebaki mashineni. Weka kando nusu kilo ya kila toleo, mahali pakavu, penye namba ya toleo na tarehe, mpaka wanyama waliokila wamechinjwa na mayai yao yameliwa.