Jinsi ya kusoma ripoti ya athari za vifungashio kwa mazingira

Kazi yangu ni kuchagua vifungashio: chupa, makopo, maboksi, mifuko. Siku hizi kila muuzaji anakuja na ripoti mkononi, na kila ripoti inasema kifungashio chake ndicho rafiki zaidi wa mazingira. Haiwezekani wote wawe washindi, ila mara nyingi hakuna aliyedanganya. Kila mmoja amejibu swali alilojiuliza mwenyewe. Basi litafute kwanza hilo swali, namba zitakusubiri.

Hatua ya 1: Ruka muhtasari

Muhtasari huandikwa na watu wa mauzo. Ripoti yenyewe, ikiwa ni tathmini ya mzunguko wa maisha wa bidhaa, yaani hesabu ya athari zake kuanzia malighafi na kuendelea (ile inayofupishwa LCA), kwa kawaida hufuata viwango vya ISO 14040 na ISO 14044 vya mwaka 2006 (ISO ni shirika la kimataifa la viwango), na ina sehemu nne: lengo na upeo, hesabu ya vinavyoingia na kutoka (malighafi, nishati, taka, moshi), tathmini ya athari, kisha tafsiri. Fungua lengo na upeo. Angalia nani alilipia na alitaka kujua nini.

Kampuni kulipia si dhambi. Tathmini hizi zenyewe zilianzia huko: mwaka 1969 Coca-Cola iliiajiri taasisi ya Midwest Research Institute ya Marekani ilinganishe aina za chupa na makopo. Wewe jua tu nani alikuwa na hamu ya jibu gani.

Hatua ya 2: Tafuta kipimo cha kazi

Hapa ndipo ripoti nyingi hushinda au hushindwa, kwa hiyo usiwe na haraka.

Kipimo cha kazi ni kile kitu ambacho namba zote zinahesabiwa juu yake. Je, ni kilo moja ya plastiki, chupa moja, au kufikisha lita 1,000 za kinywaji kwa mnywaji? Niliwahi kuumbuka kwa kutoliangalia hili. Nilisimama kikaoni nikatetea chupa za kioo kwa jedwali safi kabisa, hadi mhasibu akauliza, "Hii ni kwa kilo ya nini?" Ilikuwa kwa kilo ya kioo. Nikakaa.

Tufanye hesabu ya mfano, namba za kubuni tu. Tuseme kutengeneza kilo moja ya kioo kunatoa kilo 1 ya hewa ya ukaa, na kilo moja ya plastiki inatoa kilo 3. Kwa kilo, kioo kinashinda mara tatu. Sasa zipime chupa zenyewe: ya kioo ya lita moja ina gramu 500, ya plastiki gramu 30. Kwa lita 1,000, kioo kinatoa kilo 500, plastiki kilo 90. Meza imepinduka. Lakini chupa ya kioo ikirudishwa na kujazwa mara 10, zile 500 zinashuka hadi 50, ukiongeza gharama ya kuiosha na kuisafirisha kurudi. Meza imepinduka tena, au karibu kupinduka, kutegemea chupa inarudi kutoka mbali kiasi gani.

Hakuna namba iliyobadilika hapo. Kilichobadilika ni swali.

Hatua ya 3: Angalia mpaka umewekwa wapi

Ripoti nyingine huanzia kwenye malighafi na kuishia getini mwa kiwanda. Nyingine huenda hadi jalalani. Ukikuta mbili zenye mipaka tofauti, usizilinganishe, hata ziwe zimewekwa kwenye ukurasa mmoja.

Uliza pia kama kilichomo ndani kimehesabiwa. Chakula mara nyingi hubeba mzigo mkubwa kuliko kifungashio chake. Mfuko mwepesi unaochanika na kumwaga bidhaa unaweza kuwa na hasara kuliko mzito kidogo unaoihifadhi, na ripoti inayoishia getini haitakuonyesha hilo kamwe.

Hatua ya 4: Fuatilia nafuu ya urejelezaji

Tafuta alama ya kutoa. Ukiona namba hasi kwenye jedwali, hapo kifungashio kimepewa nafuu, kwa kawaida kwa sababu kitarejelezwa na kuokoa malighafi mpya. Ni halali. Kuirejeleza alumini, kwa mfano, kunaokoa takriban asilimia 95 ya nishati ya kuitengeneza upya kutoka kwenye madini.

Shida ni kuhesabu mara mbili. Kopo lenye alumini iliyorejelezwa lipewe nafuu mwanzoni, kisha lipewe nyingine mwishoni kwa kuwa litarejelezwa: hapo kilo ileile imesifiwa mara mbili. Angalia pia kiwango cha urejelezaji walichokitumia. Kama ni cha nchi yenye mfumo mzuri wa kukusanya taka, na bidhaa yako inauzwa pasipo na mfumo huo, ifute ile nafuu kwa penseli ujumlishe upya.

Hatua ya 5: Usiishie kwenye hewa ya ukaa

Mwaka 2018 wakala wa mazingira wa Denmark ulitoa tathmini ya mifuko ya kubebea bidhaa. Ikilinganishwa na mfuko wa kawaida wa plastiki wa dukani, mfuko wa pamba ya kawaida ulitakiwa kutumika angalau mara 52 kwa kipimo cha tabianchi peke yake. Kwa viashiria vyote, yaani aina zote za athari walizopima, mara 7,100. Hiyo namba kubwa ilitokana na kiashiria kimoja kilichokuwa kibaya kuliko vyote, cha kuharibika kwa tabaka la ozoni. Pamba ya kilimo hai ilifika 149 na 20,000, kwa sehemu kwa sababu mfuko wake haukufikia ujazo wa lita 22 uliowekwa kwenye kipimo cha kazi, wakahesabu miwili. Unaona hatua ya 2 inavyokufuata?

Namba 20,000 ilizunguka dunia nzima bila maelezo hayo. Nayo tathmini haikupima uchafu unaotupwa ovyo ukaishia baharini. Ripoti ikikaa kimya juu ya jambo, usichukulie kwamba jambo hilo ni sifuri.

Hatua ya 6: Nani amekagua?

Kwa mujibu wa ISO 14044, ukitaka kutangaza hadharani kwamba kifungashio chako ni bora kuliko cha mshindani, lazima jopo la wakaguzi wasiopungua watatu liipitie tathmini. Tafuta maoni yao kwenye viambatisho. Nayasoma kwa makini kila mara, maana humo ndimo wataalamu wanapogombana kwa adabu.

Hatua ya 7: Mwandikie muuzaji

Maswali matatu yanatosha. Data ni za mwaka gani na umeme wa nchi gani? Matokeo yanabadilikaje uzito ukiongezeka kwa asilimia 10, au urejelezaji ukishuka kwa nusu? Na naomba ripoti kamili, si kipeperushi.

Mwenye ripoti nzuri hujibu siku ileile, maana majibu anayo tayari. Anayekurudishia kipeperushi kilekile chenye picha ya jani la kijani, mimi humweka pembeni na kuendelea na anayefuata.