Somo: Tarehe ya kutengenezwa kwa simu ina uzito gani unaponunua?

Ndugu wanachama, mwaka jana mdogo wangu alinunua simu Kariakoo, ikiwa ndani ya boksi lake na sili haijaguswa, kwa bei iliyotushangaza. Tulipoichomeka kwenye chaji haikuonyesha dalili ya uhai kwa karibu saa nzima, na miezi mitatu baadaye mfuniko wa nyuma ulianza kuinuka upande mmoja, kiasi kwamba ukucha ulipenya kati yake na fremu. Muuzaji hakutudanganya, maana simu ilikuwa mpya kweli, ila ilikuwa imelala stoo zaidi ya miaka mitatu. Tangu hapo nimeona kwamba swali la simu kutengenezwa lini hujibiwa vibaya na pande zote mbili: wapo wanaodai tarehe haina maana yoyote, na wapo wanaokataa simu nzuri kwa sababu tu ni ya mwaka juzi.

Hatua ya kwanza: tenganisha tarehe tatu

Ipo tarehe ambayo toleo liliingia sokoni, ipo tarehe ambayo simu hiyo uliyoishika ilitoka kiwandani, na ipo tarehe ambayo iliwashwa mara ya kwanza. iPhone 6s ilizinduliwa Septemba 2015, lakini Agosti 2019 bado ilikuwa ikitengenezwa. Aliyeipata ile ya 2019 alikuwa na betri changa ndani ya simu ambayo kwa upande wa programu ilikuwa na umri wa miaka minne. Masasisho hufuata tarehe ya toleo, wala hayajali ulinunua lini. Galaxy S24 iliingia sokoni Januari 2024 ikiwa na ahadi ya masasisho ya usalama kwa miaka saba, hivyo atakayeinunua mpya mwaka 2027 atabakiwa na takribani miaka minne tu.

Hatua ya pili: itafute tarehe yenyewe

Anza na stika ya boksi, kisha hakikisha namba ya seriali iliyo pale inalingana na ile iliyo kwenye mipangilio ya simu, kwa sababu boksi na simu si lazima viwe vimetoka kiwandani pamoja. Kwa simu za Samsung, mafundi husoma herufi ya nne ya seriali kuwa mwaka (R ni 2021, T ni 2022, W ni 2023, X ni 2024) na alama ya tano kuwa mwezi, ambapo 1 hadi 9 ni Januari hadi Septemba, na A, B na C ni miezi mitatu ya mwisho. Seriali inayoanza na R5CT4, kwa hiyo, ni ya Aprili 2022. Kwa iPhone ujanja wa namna hiyo umepitwa na wakati, kwani tangu 2021 Apple ilianza kutumia seriali zisizo na mpangilio, na anayedai kuisomea tarehe anabahatisha. Hata hivyo, kuanzia iPhone 15, simu yenyewe huonyesha mwezi ambao betri ilitengenezwa, mwezi ilipoanza kutumika, na idadi ya mizunguko ya chaji.

Hatua ya tatu: ichunguze betri

Hapa ndipo tarehe inapouma. Betri ya lithiamu huzeeka hata isipotumika, na huzeeka upesi zaidi ikihifadhiwa kwenye joto, au ikiwa imejaa kabisa au imekauka kabisa. Apple hushauri kifaa kisichotumika kihifadhiwe kikiwa na nusu ya chaji, mahali penye joto lisilozidi nyuzi 32, na kichajiwe tena kila baada ya miezi sita. Mwenye stoo ya mabati mjini Dar es Salaam, mwezi wa Februari, hata akitaka hawezi kulitimiza sharti hilo. Kwa hiyo ilaze simu kifudifudi juu ya meza ya kioo, ubonyeze kona moja baada ya nyingine: ikichezacheza kama kigoda kwenye sakafu isiyo sawa, irudishe. Kisha ichaji hapo hapo dukani kwa dakika ishirini, uone kama inapanda kwa utulivu au inaruka asilimia.

Hatua ya nne: uliza kuhusu kundi la uzalishaji

Kundi la uzalishaji ni simu zilizotengenezwa katika kipindi kimoja. Wengi huamini kwamba simu iliyotoka kiwandani karibuni ndiyo bora, lakini si lazima iwe hivyo. iPhone 6s zilizotengenezwa Septemba na Oktoba 2015 baadhi zilikuwa zikizima ghafla kwa hitilafu ya betri. Nyingine, za kati ya Oktoba 2018 na Agosti 2019, zilikuwa haziwaki kabisa. Toleo ni lile lile, kasoro mbili, moja mwanzoni na nyingine ukingoni mwa uhai wake. Galaxy Note7 ya 2016 ni fundisho kali zaidi: simu mpya zilizotolewa kufidia zile zilizokuwa zikiwaka moto nazo ziliwaka moto, na uchunguzi wa Januari 2017 ulieleza kwamba betri za watengenezaji wawili zilikuwa na kasoro mbili tofauti. Ingiza seriali kwenye tovuti ya mtengenezaji, maana kasoro hutangazwa kwa makundi na mwaka peke yake hautakuambia chochote.

Maswali ya wanachama

*Swali (Mombasa): Mwalimu, nimepewa simu ya 2022, mpya wa boksi, kwa bei nafuu. Niichukue?*

Jibu: Piga hesabu mbili. Ongeza kwenye bei hiyo gharama ya betri halisi pamoja na ufundi, kana kwamba utaibadilisha mwaka huu. Kisha angalia masasisho yamebaki miaka mingapi. Ikiwa jumla bado iko chini ya bei ya simu ya karibuni yenye uwezo huo huo, na masasisho yamebaki miaka miwili au zaidi, mimi ningeichukua.

*Swali (Mwanza): Nimetuma IMEI (namba ya utambulisho ya simu) kwenda 15090 na nimejibiwa jina la simu bila tarehe. Nimekosea wapi?*

Jibu: Hujakosea, ndugu yangu. Tarakimu nane za mwanzo za IMEI hutambulisha toleo, wala hazisemi simu ilitoka kiwandani lini. Huduma hiyo ya 15090, ya mamlaka ya mawasiliano Tanzania (TCRA), ni ya kubaini simu bandia.

*Swali (Muscat): Shikamoo mwalimu. Je, prosesa na memori navyo huchakaa simu ikikaa dukani?*

Jibu: Marahaba. Kwa kiasi cha wewe kukihisi, la. Kinachozeeka pamoja na betri ni gundi na mipira inayozuia maji, ambayo hukauka na kupoteza mshiko. Simu iliyokaa kabatini miaka minne usiitumbukize baharini kwa sababu tu boksi limeandikwa IP68, yaani alama ya kuzuia vumbi na maji.