Namna ya Kukokotoa Gharama na Bei ya Sabuni Inayotengenezwa Nyumbani

Kabla ya kutazama bei za sabuni za kiwandani, mtengenezaji anapaswa kujua kipande kimoja kilicho tayari kuuzwa kimemgharimu kiasi gani. Hesabu huanzia kwenye mizani, na kila malighafi huandikwa kwa gramu. Mafuta mengi huuzwa kwa lita, ilhali lita 1 ina uzito wa takriban gramu 920 tu. Kwa hiyo anayehesabu lita kuwa sawa na kilo hupunguza gharama ya mafuta kwa takriban asilimia 8 bila kujua.

Tuchukue mchanganyiko wa gramu 700 za mafuta ya mawese na gramu 300 za mafuta ya nazi. Ukiacha asilimia 5 ya mafuta bila kugeuzwa sabuni ili isikaushe ngozi, utahitaji takriban gramu 147 za kostiki soda (kemikali inayogeuza mafuta kuwa sabuni), pamoja na maji yapatayo gramu 330. Sabuni mbichi itakuwa na uzito wa karibu gramu 1,480, yaani vipande 12 vya gramu 120 na mabaki kidogo ya ukataji. Kwa kuwa maji huendelea kukauka katika wiki 4 hadi 6 za kukomaa, lebo iandikwe uzito uliopimwa baada ya muda huo, si ule wa siku ya kukata.

Sasa tuweke fedha, kwa sarafu yoyote ile. Tuseme malighafi zimegharimu 300, vifungashio na lebo 60, nishati na uchakavu wa vifaa 10. Uchakavu hupatikana kwa kugawanya bei ya kifaa kwa idadi ya mapishi kinayotarajiwa kuhudumia. Jumla ni 370, na ukigawanya kwa 12 unapata takriban 31 kwa kipande. Hapo ndipo wengi huishia, na ndiyo maana huuza sana bila kuona faida.

Kilichosahaulika ni kazi. Kupima, kuchanganya, kukata, kufunga na kuosha vyombo kukichukua saa 2, kwa ujira wa 90 kwa saa, jumla hupanda hadi 550. Aidha, kipande kimoja kikitolewa kama sampuli au kikiharibika, vinabaki 11 vya kubeba gharama yote, na kila kimoja sasa kimegharimu 50. Muda wa kukomaa usilipiwe ujira, kwani sabuni hukaa yenyewe rafuni, ingawa mtaji nao huwa umelala humo.

Faida nayo ina mtego wake. Kuongeza asilimia 20 juu ya 50 hutoa 60, lakini faida ya 10 ni takriban asilimia 17 tu ya bei hiyo. Anayetaka faida iwe asilimia 20 ya bei hugawanya 50 kwa 0.8 na kupata 62.5. Hiyo ndiyo bei ya jumla. Ikiwa duka huchukua robo ya bei ya rejareja, gawanya 62.5 kwa 0.75, nawe utapata takriban 83. Unapomuuzia mteja moja kwa moja, usishuke mbali na kiwango hicho, kwa sababu muda wa kuuza na nauli ya kumfikia mteja ni gharama ambazo duka lingezibeba kwa niaba yako. Tena hakuna mwenye duka atakayeendelea kuchukua bidhaa ambayo wewe mwenyewe unaiuza kwa bei ya chini kuliko yake.