Mtindi wa matunda wa tui la nazi, bila tone la maziwa

Wengi wanaoshindwa kutengeneza mtindi bila maziwa kosa lao ni moja: wanausubiri ugande. Wanachanganya, wanafunika, wanalala, asubuhi wanakuta kitu chepesi kama uji wa mgonjwa, wanamwaga. Na pengine kilichomwagwa kilikuwa kimechacha vizuri kabisa.

Maziwa ya ng'ombe huganda kwa sababu yana kaseini, protini inayoshikana asidi inapozidi. Tui la nazi halina kaseini. Bakteria watalichachua, lakini kulifanya zito hawawezi. Kwa hiyo zitenganishe kazi hizi mbili kichwani tangu mwanzo: uchachu ni wa bakteria, uzito ni wa wanga. Maziwa ya soya yana protini ya kutosha na hujigandia yenyewe kiasi. Ya lozi na ya mchele, hata uyangoje wiki.

Utakavyohitaji

Tui zito mililita 800, la kukamua mwenyewe au la kopo. Vijiko 3 vya chakula vya wanga wa muhogo au kornflawa. Vijiko 2 vya sukari. Mbegu ya mtindi: vijiko 4 vya mtindi mtupu usio wa maziwa wenye bakteria hai, au vidonge 2 vya bakteria hai. Matunda gramu 300, na sukari nyingine kidogo ya kuyapikia.

Sukari ile ya kwanza usiiondoe ukidhani ni ya utamu. Ni chakula cha bakteria. Kwenye maziwa wanakula laktosi, sukari ya maziwa yenyewe. Kwenye tui sukari ni haba, na usipowaongezea wanazubaa.

Neno kwa mwenye mzio wa maziwa: pakiti nyingi za mbegu ya mtindi huchanganywa na unga wa maziwa. Soma maandishi ya nyuma kabla ya kununua.

Hatua ya 1: Vyombo

Chemsha chupa za glasi, vifuniko na kijiko kwa dakika 10. Viache vikauke vyenyewe, usivipanguse kwa kitambaa.

Hatua ya 2: Pika tui

Chota tui kama robo kikombe likiwa bado baridi, ukorogee wanga humo mpaka lisibaki donge hata moja. Lililobaki liweke jikoni na sukari, moto wa wastani, kisha mimina ule mchanganyiko wa wanga.

Sasa usiondoke. Koroga kwa kupandisha, yaani unachota tui kwa upawa na kulirudisha, kama unavyofanya kwenye mchuzi wa nazi ili tui lisikatike. Likikatika mafuta yanaelea juu na maji yanabaki chini. Unaweza kuliokoa kwa blenda, ila halitakuwa laini kama lile lililotulia tangu mwanzo. Likianza kutokota, punguza moto uendelee kukoroga dakika 2 hivi. Chovya mwiko, ugeuze, upitishe kidole mgongoni mwake: mstari ukibaki wazi bila kufunikwa na tui, wanga umeiva. Usishtuke likionekana jepesi kidogo kuliko mtindi, litaongezeka baadaye.

Hatua ya 3: Lipoze

Hapa ndipo haraka inapoharibu. Bakteria wa mtindi hupenda joto la nyuzi 40 hadi 45. Likizidi 50 unawadhuru, likizidi zaidi unawaua, na hakuna dalili yoyote ya nje itakayokwambia. Kama huna kipimajoto, tia kidole kilichonawishwa: uhisi moto lakini uweze kuhesabu hadi kumi bila kukitoa. Koroga mara moja moja lisifanye utando.

Hatua ya 4: Tia mbegu

Changanya mbegu na vijiko vichache vya tui hilo la vuguvugu kwanza, kisha rudisha kwenye sufuria na ukoroge taratibu. Ukitumia vidonge, vifungue utie unga wake tu. Mimina kwenye chupa.

Hatua ya 5: Liache lichache

Saa 8 hadi 12, mahali penye joto lisiloyumba. Mashine si lazima. Tanuri lililozimwa lakini taa yake inawaka hutosha mara nyingi. Au sanduku la kutunzia baridi, ukiweka ndani chupa za maji ya moto na kulizungushia blanketi. Usitikise chupa kila saa kuchungulia.

Onja baada ya saa 8. Na ukionja, kijiko kilichoingia mdomoni kisirudi kwenye chupa. Si suala la adabu peke yake: mate yana kimeng'enya kinachovunja wanga, na mtindi uliokuwa mzito jioni utaukuta maji asubuhi.

Hatua ya 6: Friji

Angalau saa 6. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo baridi nayo inaongeza uzito. Usiuhukumu mtindi wako kabla ya hapo.

Hatua ya 7: Matunda, mwisho kabisa

Mara yangu ya kwanza nilitia embe bichi lililosagwa pamoja na mbegu, nikaona nimeokoa muda. Asubuhi kifuniko kilikuwa kimevimba, na nilipokifungua kilitoa mlio na harufu ya pombe. Maganda ya matunda hubeba chachu zake, na nilikuwa nimezipa sukari na joto usiku kucha.

Siku hizi nayapika. Katakata embe, pasheni, stroberi au nanasi, tia sukari kijiko kimoja au viwili, chemsha mpaka maji yapungue na ukivuta mwiko chini ya sufuria uache njia. Yapoe kabisa. Kupika kunapunguza maji yanayolegeza mtindi, na kwa wanaotumia soya kuna faida nyingine: nanasi, papai na kiwi mabichi yana vimeng'enya vinavyokatakata protini, mtindi ukalegea na kuwa mchungu. Moto unavimaliza.

Kabla ya kuchanganya, toa vijiko 4 vya mtindi mtupu uvihifadhi kwenye chupa safi. Hiyo ndiyo mbegu ya safari ijayo. Itumie ndani ya wiki. Ukiona uchachu unafifia baada ya mizunguko kadhaa, anza na mbegu mpya.

Matunda mimi huyaweka chini ya chupa na mtindi juu, kila mtu ajikorogee. Ukae kwenye friji siku 5 hadi 7. Maji yakijitenga juu kidogo, koroga tu. Ukiona doa la waridi, kijani au jeusi, usichote upande ulio safi: mwaga chupa nzima.